Kichupo cha Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametuagiza kila mtu awe na daftari la kazi na aandike anachofanya kila siku. La ofisini ninalo, na humo nitaandika anachopenda kusoma. Hili ni la nyumbani.

Mvua imeanza leo na kazi mpya imeanza leo. Tunaitengeneza upya tovuti ya hospitali. Ofisini tuko watatu: bosi, ambaye kazi yake ni kuahidi; Mchoraji, ambaye hupanga rangi na sura ya kila kitu na hushinda na vipokea sauti masikioni ili asiitwe; na mimi, ninayevifanya vilivyoahidiwa na vilivyochorwa viguswe na vifunguke. Mkurugenzi wa hospitali anataka vichupo. Ameviona mahali, vikamkaa moyoni. Ni vile vibao vidogo vinavyojipanga juu ya ukurasa kama masikio ya mafaili kabatini: ukigusa kimoja maneno yake yanajitokeza, ya vingine yanajificha. Vitakuwa vitano: Ratiba, Madaktari, Mabadiliko, Maandalizi, Mawasiliano. Hadi sasa mambo yote hayo yako kwenye ukurasa mmoja mrefu, mtu anaushuka mpaka kidole kinauma.

Mimi nikasema vichupo ni wazo zuri. Naandika hapa nisije nikakana baadaye.

Jumatano, 5 Machi

Nimechelewa kazini kwa sababu ya sindano. Baba ni fundi cherehani, na kila asubuhi kabla sijatoka namtungia uzi sindano sita za mkono: nyeupe, nyeusi, buluu, kijani, nyekundu, kahawia. Lazima zichomekwe kwenye mto wake wa sindano kwa mfuatano huo huo. Jicho lake la kulia limeingia mtoto wa jicho tangu mwaka juzi, sasa linaona mwanga tu. La kushoto anasema linamtosha.

Tarehe ya upasuaji anayo: Jumatano, 16 Aprili. Ameingojea miezi kumi na moja. Daktari mpasuaji wa macho huja mara moja kwa mwaka, hukaa kuanzia Machi mpaka katikati ya Mei, kisha anakwenda zake, na anayemkosa anasubiri mwaka mwingine. Kadi ya hospitali Baba ameiweka ndani ya droo ya cherehani, chini ya bobini.

"Fundi mwenzangu," ameniambia nikiwa mlangoni, "hiyo kazi yenu ya vioo haina pindo?"

"Haina, Baba."

"Basi inafumuka upesi."

Ijumaa, 7 Machi

Tumekwenda hospitalini kumfundisha mama wa masjala namna ya kuingiza matangazo. Ofisini tayari tumembandika jina la Bibi Masjala. Miaka yote hii, kliniki ikibadilishwa siku, yeye ndiye hufungua daftari lake na kumpigia simu mgonjwa mmoja mmoja. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wagonjwa wasiosikia.

"Sasa hutapiga simu tena, mama," bosi akamwambia. "Kila kitu kitakuwa kwenye tovuti."

"Na asiyeangalia?"

"Ataangalia."

"Na asiyeona?"

Bosi akacheka, nami nikacheka. Ile sentensi kwamba tovuti itaondoa haja ya kupiga simu niliiandika mimi, kwenye barua tuliyoombea kazi hii ya hospitali, na bosi aliipenda mpaka akaikoleza wino.

Kisha akauliza kwa nini mabadiliko yawe kwenye kichupo cha tatu, yasibandikwe juu kabisa kama karatasi mlangoni. Nikamweleza mpangilio wa kurasa, kwa upole, kama ninavyomweleza mtu asiyeelewa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, mwanangu. Lakini mimi karatasi nabandika mlangoni kwa sababu mlango ndio watu wanaupita."

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Vichupo vitano havienei kwenye simu. Viwili na nusu vinaonekana, vingine mpaka uvisukume kando. Mchoraji hataki kupunguza ukubwa wa herufi. Tena herufi hizo amezichora mwenyewe kwa mkono, kwa hiyo majina ya vichupo si maandishi, ni picha tano. Kila picha inatakiwa iandikiwe maneno kwa nyuma, ili simu zinazosoma kwa sauti ziweze kuyatamka. Nitayaandika kesho.

Jumatano, 12 Machi

Umeme umekatika tangu saa nne asubuhi. Sikufanya kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Baba amenishonea koti la kuvaa siku ya kuzindua tovuti. La kijivu, lina mifuko miwili. Nimelivaa mbele ya kioo. Mkono wa kushoto umezidi wa kulia kwa vidole viwili, na mfuko mmoja umekaa juu ya mwenzake kama nyusi za mtu anayeshangaa. Baba amesimama nyuma yangu akipapasa mabega.

"Limekaaje?"

"Limekaa sawasawa."

"Nilijua. Mkono haujasahau."

Ningesema nini? Mtu ameshona kwa jicho moja.

Jumatatu, 17 Machi

Mwalimu wa jirani amerudisha shati lake jeupe. Vifungo vyote vimeshonwa kwa uzi mwekundu. Nimekumbuka kwamba asubuhi alipolishona nilikuwa na haraka nikazichomeka sindano ovyo. Nikadhani Baba amejaribu fasheni mpya, nikamtania. Hakucheka. Amesema, "Panga sindano kama nilivyokufundisha," kisha akavifumua vyote. Mtu mzima na hasira za kitoto, namna hii.

Ijumaa, 21 Machi

Leo siku ya tiki. Ofisini tuna karatasi ya ukaguzi ukutani: kila jambo lina kisanduku, na kabla tovuti haijafunguliwa kila kisanduku lazima kiwe na tiki. Kilichobaki kwangu kilikuwa kimoja: *Imejaribiwa kwa kusikiliza.* Maana yake unafumba macho, unawasha sauti ya simu, unasikiliza ukurasa ukisomwa kama mtu asiyeona. Vipokea sauti ni vya Mchoraji na Mchoraji alikwisha kuondoka navyo. Mvua ilikuwa inapiga bati, usingesikia hata ungeitwa kwa jina. Bosi amesimama na funguo mkononi.

Nikatia tiki. Kila mtu hutia tiki kwenye kisanduku kile. Sijawahi kumwona hata mmoja amefumba macho.

Jumatatu, 24 Machi

Tovuti imefunguliwa. Mkurugenzi amevigusagusa vichupo kama mtoto na swichi ya taa. Bosi amepewa mkono na kila mtu. Mimi nimeulizwa na Mchoraji, mbele ya watu, kama mikono ya koti langu ni mtindo au ni ajali. Nikamwambia ajali ni herufi zake.

Alhamisi, 27 Machi

Bibi Masjala amepiga. "Mwanangu, nimeingiza tangazo, silioni." Liko kwenye kichupo cha tatu, mama. "Mimi ndiye niliyeliingiza na silioni, mgonjwa ataliona?" Nikamwelekeza tena. Nimemwelekeza mara nne wiki hii.

Jumanne, 1 Aprili

Baba amepata redio ndogo, nadhani. Asubuhi nikiwa naoga nasikia sauti ikinung'unika chumbani kwake, ya mwanamke, haina furaha wala huzuni. Nikitoka inanyamaza.

Nimemuuliza kama tarehe ya hospitali iko palepale. Amesema, "Iko palepale. Nafuatilia." Nikafurahi kwamba walau mtu mmoja humu ndani anafuatilia mambo yake.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku mbaya. Mvua ya juzi imeingia hospitalini, wanahamisha vyumba, na Bibi Masjala ameingiza tangazo refu kama barua ya posa. Mstari wake wa juu umevunja mpangilio wote, umekisukuma kichupo cha nne chini ya cha pili. Mchoraji amekuja mezani kwangu kulalamika, bosi amekuja kulalamika kwamba Mchoraji amelalamika. Nikaweka amri: mstari wa juu ukizidi herufi ishirini na tano, ukatwe na uwekewe nukta tatu. Sasa unasomeka *Kliniki ya macho imehami…* na umekaa vizuri kabisa, haugusi ukingo.

Saa kumi Bibi Masjala akapiga. "Maneno yangu yamekatwa."

"Anayetaka yote atagusa, mama, yatafunguka."

"Kwa nini aguse mara mbili kusikia jambo moja?"

Nikamwambia nina kazi.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nimepigwa na maji ya gari. Koti limelowa, mikono bado haijalingana.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeomba ruhusa ya kesho. Baba ameoga, amenyoa, amepiga pasi shati mwenyewe. Amesema akirudi atamshonea kila mtu wa nyumba hii upya, hata asiyetaka.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa jikoni na daftari gotini, kwa hiyo atakayeusoma mwandiko huu anisamehe, ingawa hakuna atakayeusoma.

Tumefika hospitalini saa moja na nusu. Korido ya macho imejaa ndoo, maji yanadondoka kutoka darini, na hakuna mtu. Chumba namba nne kimefungwa. Nikamkalisha Baba kwenye benchi kavu, nikaenda masjala. Bibi Masjala alinitazama, akaitazama kadi, akavua miwani.

"Kliniki ilikuwa juzi Jumatatu, mwanangu. Jengo la nyuma. Sasa ni Jumatatu na Alhamisi, Jumatano imefutwa mpaka paa lizibwe."

"Mbona hamkutuambia?"

Ndiyo, nilisema hivyo. Yeye hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Nilikatazwa kupiga simu. Tangazo nililiweka tangu tarehe saba. Lile ulilolikata."

Wagonjwa kumi na wanane walikuwa na tarehe ya leo, akaniambia. Kumi na mmoja walikuja Jumatatu. Saba hawakuja. Daktari alisubiri nusu siku, na sasa nafasi za mbele zote zimeshajaa mpaka atakapoondoka. Jina la Baba ataliandika juu kabisa ya orodha ya watakaojaza pengo, kama pengo litapatikana.

Nikarudi kwenye benchi nikiwa nimeshapanga maneno ya kumlaumu Baba. Alisema anafuatilia. Kama anafuatilia, alikuwa anafuatilia nini?

"Baba, si ulisema tarehe iko palepale?"

"Iko palepale. Nimesikiliza hata leo alfajiri."

"Umesikiliza nini?"

Akasita. Kisha akatoa simu mfukoni, akaigusa mara mbili kwa kidole gumba, akaishika kati yetu. Ile sauti niliyodhani ni ya redio ikaanza kusoma, na ilichokuwa ikisoma ni ukurasa wangu.

*Karibu hospitalini. Picha. Picha. Picha. Picha. Picha. Kliniki ya macho, kila Jumatano, saa mbili asubuhi, chumba namba nne. Kliniki ya meno, kila Alhamisi.* Ikaendelea hivyo mpaka mwisho wa ratiba, ikasema *mwisho wa ukurasa*, ikanyamaza.

"Unasikia?" Baba akasema. "Jumatano. Chumba namba nne."

Picha tano. Yale maneno ya nyuma, niliyosema nitayaandika kesho, kesho yake umeme ulikatika na mimi sikukumbuka tena. Kwa macho vile ni vichupo vitano vya kupendeza. Kwa sikio ni picha tano zisizosema lolote, na nyuma ya ile ya tatu kulikuwa na jicho la baba yangu.

"Zile picha ulidhani ni za nini?" nikamuuliza.

"Za madaktari. Nilisema, wamejipiga picha, basi na wapendeze."

Ndipo likanijia jambo lingine, na hili liliniuma zaidi. Mtu mwenye jicho zima moja hahitaji kusomewa simu.

"Baba. La kushoto linaona nini?"

Akakunja kadi yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Linaona kwamba umesimama."

Fundi simu wa kona ndiye aliyemwekea ile sauti, tangu Februari. Baba alimwambia asiniambie. Nikamuuliza kwa nini, na sikuuliza kwa adabu. Akajibu polepole, kana kwamba anapima kitambaa: "Ungenikataza cherehani. Ungesema, Baba, pumzika. Sasa mimi nikipumzika ni nani?"

Nikamfokea. Katika korido ya hospitali, kati ya ndoo, nimemfokea baba yangu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi Masjala akatoka mlangoni kwake, akasema, "Mwanangu, shusha sauti. Kila mmoja hapa ana alichoficha."

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Amenishika begani. Miezi yote hii tulipotoka pamoja alikuwa ananishika begani, nikajiambia ni mapenzi.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimerudi nyuma nikasoma daftari hili. Tarehe 11 Machi ipo. Tarehe 21 Machi ipo. Tarehe 7 Aprili ndiyo inayonitia wazimu. Maneno *kliniki ya macho* nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikaa nayo saa nzima. Niliyapima herufi kwa herufi, na sikuyasoma. Ndivyo tulivyo watu wa kazi hii: maneno ya wengine kwetu ni mzigo wa kupangwa kwenye kisanduku. Tukishaona umeenea, tumemaliza.

Na ule uzi mwekundu. Nilimtania. Halikuwa shauri la fasheni, alikuwa anazijua rangi kwa kuhesabu sindano kwa vidole.

Nina hasira na kila mtu, na nikiwahesabu wote mwishoni nabaki mimi.

Jumanne, 22 Aprili

Kikao. Nilimwambia bosi tuviondoe vichupo, au walau tangazo la mabadiliko likae juu ya ukurasa, wazi, zima. Akasema mkurugenzi amevipenda. Akasema tutalitazama awamu ya pili, mwezi wa sita. Daktari wa macho mwezi wa sita hatakuwepo.

Nikamwomba afumbe macho. Alidhani ni mzaha, akafumba. Nikaiweka simu mezani, ikasoma: picha, picha, picha, picha, picha, kliniki ya macho kila Jumatano.

"Mabadiliko umeyasikia?" nikamuuliza.

"Bado hayajafika."

"Yameshapita, bosi. Ndiyo ile picha ya tatu."

Akafumbua macho. Kisha akasema jambo la kibosi: "Lakini karatasi ya ukaguzi ina tiki." Nikasema ndiyo, niliitia mimi, bila kusikiliza. Nilitegemea atafoka. Hakufoka, na nilijua kwa nini: juu ya tiki yangu kuna tiki za tovuti nyingine sita, na mbili ni zake.

Hata hivyo amesema awamu ya pili.

Mchoraji ndiye aliyenishangaza. Kikao kilipokwisha alivua vipokea sauti vyake, akaviweka mezani kwangu, akaondoka.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikungoja awamu. Kwa siku tatu nimefumba macho na vile vipokea sauti masikioni, nikapapasa ukurasa wangu kwa kidole. Nimejikwaa mahali thelathini na kitu. Kuna kitufe ambacho ukiingia hutoki. Kuna mahali ambapo sauti inasoma kichupo kimoja huku kilichofunguka ni kingine. Mambo haya nilifundishwa, nayajua. Nilikuwa sijawahi kuyaona kwa sababu nilikuwa naangalia.

Sasa majina ni maandishi, na Mchoraji ameyapanga upya bila kunung'unika. Ukifika juu ya kichupo sauti inakutajia jina lake, ni cha ngapi kati ya vingapi, na kama kiko wazi. Mabadiliko hayako tena kwenye kichupo. Yako mlangoni, juu ya kila kitu, na ile amri ya nukta tatu nimeifuta. Tangazo likiwa refu, ukurasa utashuka. Bosi ameona. Amesema, "Si nilikwambia mwezi wa sita?" Nikamwambia airudishe tovuti ilivyokuwa kama anataka, lakini aanze kwa kusikiliza. Hajairudisha.

Jioni nimempigia Bibi Masjala kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yeye akayakata. "Basi, mwanangu, sasa nikibandika nitaona mwenyewe." Nikamuuliza pengo limepatikana? Bado.

Alhamisi, 1 Mei

Bado. Baba anashona. Nampangia sindano kwa utaratibu wake, hatuongei sana. Leo amemshonea mtu suruali, mguu mmoja umekwenda upande. Mwenyewe amesema imetoka safi. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Bado. Daktari anaondoka Ijumaa ya wiki ijayo.

Alhamisi, 8 Mei

Nilisahau chaja nyumbani, nikarudi saa nne kuichukua. Mlango umefungwa kwa nje. Cherehani imefunikwa. Kwenye mto wa sindano zote sita zimesimama na nyuzi zake kama nilivyoziacha, hakuna iliyoguswa. Baba hajawahi kuacha sindano zikalala mpaka saa nne. Nikaita, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaangalia mfereji ambao umejaa maji, na sitaandika nilichokiwaza pale kwenye mfereji.

Kisha nikafungua simu yangu kumpigia, vidole vikaenda penyewe kwenye ukurasa wa hospitali. Juu kabisa, kabla ya vichupo, Bibi Masjala alikuwa ameandika saa kumi na mbili na robo asubuhi:

*Kliniki ya macho: mgonjwa mmoja wa leo hawezi kuvuka mto, nafasi yake iko wazi. Mzee fundi cherehani aliyekosa zamu ya tarehe 16 Aprili, ambaye ni wa kwanza kwenye orodha, afike leo kabla ya saa tatu, jengo la nyuma, mlango wa kijani. Asile kitu. Aje na mtu wa kumshika mkono.*

Hakuna jina, hakuna siri iliyotolewa, na hakuna neno lililokatwa. Nimelisoma nikiwa nimesimama kwenye mvua.

Nimemkuta jengo la nyuma, kwenye kiti, jicho la kulia limefunikwa bandeji, pembeni yake fundi simu wa kona amelala ameegemea ukuta. Wamekuja wote wawili kwa miguu. Nikamuuliza Baba kwa nini hakunipigia.

"Ulikuwa umeshatoka. Na muda ulikuwa mdogo," akasema. "Tena nilitaka kuona kama hiyo kazi yako inafanya kazi."

Ijumaa, 9 Mei

Bandeji imetolewa asubuhi. Daktari amesema jicho ni zuri, la kushoto litangoja mwaka ujao. Baba aliutazama mkono wake kwanza, mbele na nyuma. Kisha akamtazama Bibi Masjala, akamwamkia, akamwambia alimdhania mtu mnene. Njiani hakunishika begani. Alitangulia.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua imekatika, kuna jua la kuanikia nguo.

Baba ameniomba simu, akautazama ukurasa wangu kwa muda mrefu, akiisogeza na kuirudisha. Amesema kijivu juu ya kijivu si rangi, ni uvivu. Amesema kwa sikio ulikuwa mzuri zaidi. Nikaandika, nitamfikishia Mchoraji.

Kisha akaliona koti langu limetundikwa mlangoni. Alilitazama akiwa amekaa, akainuka, akalishika mikono yote miwili na kuiweka sambamba. Mimi nikajifanya naosha vikombe.

"Hili nimeshona mimi?"

"Ndiyo, Baba."

"Ulilivaa kazini?"

"Kila wiki."

"Nilikuuliza limekaaje."

Nikaweka kikombe chini. Nimemlaumu korido nzima ikisikia kwamba alinificha macho yake, na mimi tangu Machi nilikuwa namvika kilemba cha ukoka kila siku, koti, shati, suruali za watu. Nikasema, "Nilikuficha."

"Wateja nao?"

"Nao walinyamaza. Wanakupenda."

Akavuta pumzi. Nilidhani atakasirika, na alikasirika: alisema mapenzi ya namna hiyo yamemfanya fundi wa miaka arobaini kutembeza aibu mji mzima. Alisema mshono mbovu akiambiwa angeufumua usiku huohuo, hata kwa vidole. Alisema mengi. Kisha akaniambia nilivae, nisimame dirishani penye mwanga, nisitikisike. Akakaa kwenye kigoda, akachukua wembe, akaanza kufumua pindo la mkono wa kushoto likiwa mwilini mwangu.

"Lete sindano ya kijivu."

Kijivu haimo kati ya zile sita. Nikamtungia haraka, nikampa. Aliinua sindano kwenye mwanga, akaitazama kwa lile jicho jipya, akauchomoa uzi wangu, akaukata nusu, akautunga tena mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu macho yalipoharibika.

"Mrefu mno," akasema. "Ungejifunga fundo."